Macho Mazima, Mtoto Haoni

Sisi watu wa Kintinku, huku Manyoni mkoani Singida, tunajulikana kwa kulalamika, na hatuoni aibu. Maji ya visima yana chumvi. Masika njia za kwenda vijijini zinageuka tope zito la mbuga, unakuta bodaboda anakokota pikipiki na abiria anasukuma kwa nyuma. Ufuta unapanda bei tukishauza. Reli ya kisasa imejengwa hadi Makutupora, hapo jirani tu, na sisi bado tunasimama barabarani kusubiri basi lenye nafasi. Haya yote yamesemwa, yameandikwa na mtendaji, na diwani ameahidi kuyafikisha.

Lipo lingine ambalo halisemwi, kwa sababu wenye nalo wako nyumbani na mtoto mgongoni. Ni kina mama ambao watoto wao walizaliwa wamechoka.

Hiyo ni lugha ya leba na kila mwanamke huku anaielewa. Uchungu umekuwa mrefu, mtoto amekaa njiani, ametoka amelegea na hajalia. Nesi anamfuta, anamsugua mgongo, anamvuta makamasi, anampulizia hewa kwa ambu. Baadaye kidogo kinasikika kilio chembamba, na ndugu walioko nje wanapiga vigelegele. Kesho yake au keshokutwa mama anaruhusiwa. Anapewa kadi, anaambiwa anyonyeshe, asikose chanjo. Kwamba ubongo wa mtoto ulikaa bila hewa ya kutosha, na kwamba madhara yake yanaweza kuonekana miezi michache baadaye kwenye kuona kwake, hilo haambiwi.

Anaanza kuliona mwenyewe. Watoto waliozaliwa wiki ile ile wakifika wiki ya 6 wanamtazama mama usoni na kutabasamu. Wa kwake hatazami. Anakodolea mlango wenye mwanga, au taa ya sola, muda mrefu mpaka inatia hofu. Ukimwita anageuza sikio. Ukipita umevaa nguo nyekundu macho yanakufuata kidogo, ukisimama yanakuacha. Asubuhi unasema anaona, jioni unasema haoni, na mume anasema mke wangu siku hizi ana mawazo mengi. Bibi wa mtoto anatuliza: "Mwache, mwanangu, baba yake naye alichelewa kuchangamka." Mama mkwe anauliza ulikula nini ulipokuwa mjamzito. Majirani, yaani sisi hao hao tunaolalamika hapa, tunauliza kwa chinichini alimkosea nani.

Ndipo safari zinaanza. Zahanati moja wanammulika tochi. Mboni inasinyaa vizuri. "Macho mazima haya, mama." Anapanda gari kwenda hospitali moja kubwa zaidi, anakaa foleni ya macho tangu asubuhi, anawekewa dawa ya kupanua mboni, anatazamwa kwa kifaa hadi ndani. Jicho safi. Mtoto wa jicho hakuna, kovu hakuna, nyuma ya jicho hakuna tatizo. Anaambiwa ashukuru Mungu. Miezi inapita, shingo haikazi, anarudi kwa daktari mwingine, na huyo anamwambia kwa sauti ya kumaliza maneno: "Huyu ana mtindio wa ubongo, mpeleke mazoezi." Kwenye mazoezi wananyoosha miguu na mikono na kumfundisha kukaa. Kuhusu kuona hawasemi, maana kwenye faili lake imeandikwa macho mazima.

Hapo ndipo linapotuuma. Wa macho wanasema ni mambo ya ubongo, wa ubongo wanasema macho yalishapimwa. Mtoto ana kichwa kimoja, lakini kimegawanywa idara mbili, na yeye amedondoka katikati.

Na wala si ugonjwa wa ajabu usiojulikana. Katika nchi tajiri, kama Uingereza na Marekani, hii ndiyo sababu inayoongoza ya watoto kutoona vizuri: si jicho bovu, ni ubongo uliojeruhiwa mapema. Fundi wetu mmoja wa pampu alipoelezwa alielewa haraka kuliko sisi wote. Alisema kisima kina maji, mota inasukuma, lakini bomba limepasuka katikati ya kijiji. Ukienda kukagua kisima kila siku utasema kizima, na kioskini ndoo zinabaki tupu. Jicho hupokea mwanga tu. Kazi ya kuufanya mwanga huo kuwa uso wa mama, kikombe au mlango inafanyika nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, na katika njia zinazotoka jichoni kwenda huko.

Jambo hilo la kisogo limejulikana zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya elimu hiyo ilitoka vitani. Daktari wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliwachunguza askari waliopigwa risasi za kichwa katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, akachora ni sehemu gani ya kisogo inaona upande gani. Mwaka 1917 daktari wa jeshi la Uingereza, George Riddoch, aliandika kuhusu majeruhi wa kisogo ambao hawakuona kitu kilichotulia lakini kikitikiswa wanakiona. Mama wa Lusilile, hapa jirani, anayekwambia mwanawe anaona kuku akikimbia tu, akisimama hamwoni, anasema jambo lile lile la 1917. Tofauti ni kwamba askari wale walipata wa kuwasikiliza.

Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu moja, si pekee. Njiti wamo: kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, sehemu laini za ndani ya ubongo, zile zinakopita njia za kuona, ndizo zinazoumia kwa urahisi. Sukari kushuka sana siku za mwanzo, kwa mtoto ambaye hakunyonya mapema au aliyekuwa dhaifu, huumiza hasa hiyo sehemu ya nyuma ya ubongo. Homa ya uti wa mgongo nayo inaacha alama. Kichwa kikubwa kinachojaa maji hubana. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumfanya mtoto akaamka haoni kabisa, ingawa hao wengi kuona kwao hurudi baada ya wiki au miezi, na ni vizuri mzazi akaambiwa hivyo kabla hajauza ng'ombe kwenda kwa mganga.

Hatusemi Serikali haijafanya kitu. Mwaka 2009 wakunga walianza kufundishwa mpango wa kumsaidia mtoto kupumua, wenye ile wanayoiita Dakika ya Dhahabu: mtoto asiyelia awe amepuliziwa hewa kabla sekunde 60 hazijaisha. Matokeo ya hospitali 8 za mwanzo yalitolewa 2013, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua karibu nusu. Baadaye hospitali ya Haydom, huko Mbulu, ikawa kitovu cha mpango mkubwa zaidi wa uzazi salama. Wakunga wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, pale pale kazini, na kuna kifaa kinachosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, ili anayeanza kuchoka ajulikane mapema. Mpango ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba vifo vya watoto wachanga siku ya kwanza vimeshuka kwa asilimia 40 hivi.

Manyara ni jirani yetu. Tabora ni jirani yetu. Mkoa wa Singida uko katikati yao, na haukuwamo kwenye ile mitano. Hili nalo tunalilalamikia, maana dawa ya kwanza ya tatizo hili ni mtoto asichoke.

Lakini hata huko kwenye mafanikio tuna neno. Hesabu zote hizo zina watu wawili: aliyekufa na aliyepona. Mtoto wetu alihesabiwa amepona. Alilia, akafungwa utepe mkononi, akaingia kwenye safu ya waliookolewa, na kweli aliokolewa, tunashukuru mikono iliyomwokoa. Baada ya hapo hana safu yake kwenye daftari. Mwaka 2021 ulizinduliwa hapo Dodoma mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, wenye kifupi kirefu ambacho hata mtendaji anakisoma kwa kukwama. Unazungumzia mtoto tangu tumboni hadi miaka 8, lishe, afya, uchangamshi, ulinzi. Maneno mazuri. Tunauliza tu: yule anayechangamshwa kwa midoli ya rangi rangi na haioni, amepangiwa nini?

Huku kwetu neno "macho" likitajwa, watu wanafikiria vikope. Ugogo wote umeteswa na vikope. Kongwa watafiti wamekuwepo tangu miaka ya 1980 wakihimiza watoto waoshwe nyuso, na dawa zimegawiwa. Kambi za macho zinakuja, wazee wanatolewa mtoto wa jicho, wanarudi wanahesabu mbuzi wao wenyewe. Hospitali ya Mvumi ni jina kubwa katika matibabu ya macho kwa watu wa kanda hii. Haya tunayasifu bila kusita. Ila gari la matangazo linapopita na kipaza sauti, mama wa mtoto huyu naye hujibeba, anafika wa kwanza, na anarudi na jibu lile lile. Kambi inatafuta ugonjwa unaoonekana kwenye jicho. Wake hauonekani hapo.

Sasa tufike kwenye kiini cha malalamiko, maana mtu anaweza kutujibu kwamba hata mngejua, ubongo ukishaumia umeumia, dawa hakuna, kwa hiyo mnalalamikia nini. Tunalalamikia muda. Ubongo wa mtoto unakaribia kuongezeka maradufu katika mwaka wake wa kwanza. Katika kipindi hicho njia za kuona zinajengwa kwa kutumika, zisipotumika zinafifia. Kuna kazi ya kufanya nyumbani, haihitaji mashine, na ingeelezwa siku ya kwanza tungeifanya.

Mama mmoja wa Chikuyu alielezwa kazi hiyo na mtaalamu aliyemkuta kwa bahati, mtoto akiwa tayari amevuka mwaka. Alichukua kikombe cha plastiki chekundu, rangi moja, hakina maua. Mtoto alizoea kulazwa juu ya kitenge chenye ndege, maua na herufi. Akakiondoa, akatandika kaniki nyeusi. Akazima redio, akafunga mlango kelele za watoto zisiingie, maana ubongo wa namna hii ukisikia mengi unaacha kuona. Akakishika kikombe upande ambao mtoto hupenda kugeukia, juu kidogo badala ya chini, akakitikisa taratibu. Kisha akasubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Sisi ukimwonyesha mtoto kitu asipokitazama papo hapo tunaondoa na kusema hataki. Huyu anahitaji muda, pengine mrefu kuliko uvumilivu wako. Macho yakaja, yakagusa kikombe, yakaondoka. Baada ya siku nyingi za kufanya hivyo kila akishashiba na hana usingizi, mkono ukaanza kwenda kwenye kikombe. Mtoto alipokuwa akinyoosha mkono alitazama pembeni. Shangazi yake akasema haangalii anachokishika. Kumbe anaangalia kwanza, halafu anashika. Vyote viwili kwa pamoja ni kazi nyingi kwake.

Mengine ni madogo kuliko hayo. Mama ajifunge kilemba cha rangi moja, kile kile kila siku, akae mwanga ukimpiga usoni na si mgongoni, ili uso wake usiwe kivuli cheusi mbele ya mlango. Kijiko cha uji kionyeshwe, kiguse mkono wa mtoto, kitajwe jina, ndipo kiende mdomoni. Mtoto anayeshtukizwa na kijiko asichokiona atakataa kula, na watu watasema ana kiburi. Apimwe miwani pia. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hawawezi kukaza jicho kuona kitu cha karibu, na miwani midogo inawafungulia dunia ya mita moja mbele yao, ambayo kwa mtoto mchanga ndiyo dunia yote.

Wapo ambao watafanyiwa yote na kuona kwao kutabaki kwa mwanga na kivuli, tusidanganyane. Wengi lakini husogea, na kusogea kidogo kwa mtoto wa namna hii ni kumtambua mama yake mlangoni kabla hajaongea.

Kuna moja tunaliweka peke yake kwa sababu haliwezi kusubiri. Mtoto wa kati ya miezi 3 na 12 anapoamka, anajikunja ghafla, kichwa kinainama, mikono inaruka, anaachia. Sekunde chache tena, na tena, kwa mafungu, pengine analia katikati yake. Huku tunasema chango, tunampa maji ya majani, tunamsugua tumbo. Mara nyingine si chango. Ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, na kila wiki inayopita bila dawa inapunguza kile kidogo ambacho mtoto alikuwa ameanza kuona na kujua. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, na ukiwa na simu ya kupiga picha za video, mrekodi umwonyeshe daktari, maana akifika mbele ya daktari huenda asishtuke hata mara moja. Ndivyo walivyo.

Gharama tusiisahau, ingawa tumeizungumza mpaka imechuja. Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure. Basi la Dodoma haliijui sera hiyo, wala nyumba ya wageni, wala duka la dawa. Kulikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka, na wazazi wa watoto wagonjwa waliikimbilia. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, ikaelekezwa waandikishwe kupitia shule. Mtoto wa miezi minne shule gani? Utaratibu ulikuja kurekebishwa, lakini mwaka wa kwanza wa mtoto hausubiri marekebisho.

Na shule yenyewe itakuja kuwa ugomvi mwingine. Buigiri, shule ya wasioona iliyoanzishwa 1950 upande wa pili wa Dodoma, imetoa watu wa maana katika nchi hii. Inajulikana kwa nukta nundu, kidole kinachosoma. Mtoto wetu pengine kidole hakikunjuki, na macho yake si kwamba hayaoni, yanaona kwa namna yake na kwa muda wake. Akipelekwa kwa wasioona ataonekana anaona; akipelekwa darasa la kawaida lenye watoto wengi, kelele na ubao uliojaa maandishi, ataonekana hana akili. Walimu hawana kosa, hakuna aliyewaambia kwamba kuna watoto wa namna hii.

Wanaume wa Kintinku nao wasikilize. Baba akishaambiwa mtindio wa ubongo, wapo wanaopata ghafla kazi ya vibarua mkoa wa mbali. Mama anabaki na mtoto mzito, shamba na maneno ya watu. Wazee wa kanisa na wa msikiti, ambao kwenye ndoa huwa na mengi ya kusema, hapa wamekuwa wakimya mno.

Tunachoomba ni kidogo kiasi cha kuudhi. Wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14 kila mama hapa anakuja kliniki mwenyewe, kwa miguu yake, kwa ajili ya chanjo. Masika anakuja na tope magotini. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inapigwa muhuri. Ndicho kipindi hasa ambacho mtoto anapaswa kuanza kutazama uso na kufuata kitu kinachosogea. Hivyo nesi aulize swali moja zaidi: mtoto anakutazama usoni? Na yule aliyezaliwa amechoka, njiti, aliyelazwa kwa manjano makali, aliyepata degedege, hilo liandikwe kwenye kadi tangu leba, kwa maandishi yanayosomeka, ili anayempokea wiki ya 14 ajue anamtazama mtoto gani. Asiyetazama apewe rufaa kabla hajafikisha miezi 6, na barua ya rufaa itaje macho na ubongo kwa pamoja, ili asianze tena kuzungushwa kutoka idara moja kwenda nyingine. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe habari ya kaniki na kikombe chekundu. Ni somo la mchana mmoja. Wakubwa wa halmashauri kule Manyoni hawahitaji kutafuta mfadhili kwa ajili ya swali.

Na wewe mama wa Kintinku, Maweni, Chikuyu au Lusilile, usingoje kuulizwa. Wiki ya 14 ikifika na mwanao hajawahi kukutazama usoni, mwambie nesi hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akikujibu kwamba macho ni mazima, mwambie unajua ni mazima, unachouliza ni ubongo.